Uwanja Mweupe wa Sungura

Nimeombwa nisimulie kisa hiki bila mapambo. Siku hizi kila anayetaka nimtengenezee tovuti huniambia hivyo hivyo: ukurasa uwe mweupe, katikati pawe na kisanduku kimoja cha kutafutia, basi, kwa sababu waliofanya hivyo wamefanikiwa dunia nzima. Mimi fundi wao huitikia haraka, maana ukurasa mtupu ni rahisi kutengeneza, na uvivu wangu unapata jina zuri. Kwa hiyo nitajaribu kusimulia kwa utupu. Mkiona nimeanza kupamba, nivumilieni. Hadithi za wanyama nilizipata kwa bibi yangu, na bibi hakuwa mtu wa kufupisha.

Ukame uliingia nyikani na kukaa kama mgeni asiyejua kuaga. Mto mkubwa ukabaki mchanga mtupu. Maji hayakwisha kabisa, lakini yalikuwa yakihamahama. Leo yako kwenye dimbwi la mikoche, kesho pamekauka na yameibukia korongoni kwenye mawe mekundu, kesho kutwa tembo wamechimba upande mwingine na kuyakuta huko. Mnyama aliyekosea njia alirudi kapa, na wengine hawakurudi. Nyika nzima ikabaki na swali moja: maji yako wapi leo?

Wa kwanza kufungua mahali pa kuulizia alikuwa Fisi. Ni yule yule mnayemjua. Tumbo lake hutangulia na kichwa hufuata nyuma. Alijenga banda refu akalipamba kwa mifupa, mapembe, mikia na manyoya ya kanga, akaning'iniza vibuyu vilivyogongana kila upepo ulipovuma. Ukifika na swali lako la maji, ilibidi kwanza umpite binamu yake anayeuza uboho, kisha shemeji yake mwenye dawa ya kuotesha manyoya, ndipo umwone Fisi mwenyewe akiwa amekaa juu ya rundo la mifupa ambalo halikuwa na mwisho.

Mteja wake wa kila siku alikuwa Mama Kuro. Kuro ni swala mkubwa mwenye duara jeupe nyuma, na ukoo wao hauwezi kuishi mbali na maji. Mwaka huo Mama Kuro alikuwa amejaliwa ndama, naye alimzaa ukame ukiwa umeshaanza.

"Hodi, Bwana Fisi. Naulizia maji."

"Maji yapo, Mama Kuro, yapo! Lakini kwanza, umeuona huu mfupa wa goti?"

"Mimi nakula majani."

"Ndiyo maana nakupunguzia bei."

Mpaka Fisi amalize kusifu mifupa, jua lilikuwa limeshafika utosini, na jibu alilolitoa lilikuwa la juzi. Hata yeye hakujivunia sana. "Banda hili ni kubwa mno," aliwaambia watu wake. "Jana nilitaka kutoka nje nikaulizia njia, nikauziwa mkia."

Upande wa pili wa nyika alikaa Bi Kobe. Yeye hakuwa na banda. Alikuwa na uwanja wa mchanga uliozungushiwa miiba, wenye mlango mmoja, na katikati ya uwanja alikuwepo yeye. Unaingia, unauliza, unajibiwa, unatoka. Walipomwuliza kwa nini hapambi, alicheka mpaka gamba likatikisika.

"Pambo nitalibeba kwa mgongo upi? Huu una nyumba tayari. Niliwahi kuona jiwe zuri kule bondeni, nikaenda kulileta liwe pambo la mlangoni. Nilipofika nalo, mawe ya namna ile yalikuwa yameshapitwa na wakati."

Alikuwa na ombi moja tu. "Mkishakunywa," aliwaambia, "mrudi mpite hapa uwanjani kwangu kabla ya kwenda malishoni. Nataka kuwaona mmerudi salama."

Wakawa wanafanya hivyo. Ikageuka desturi ya nyika: umekunywa, unapita kwa Bi Kobe, unavuka uwanja wake, unaendelea na mambo yako. Na kila asubuhi walimkuta Kobe akiuzunguka uwanja kichwa chini, pua ikikaribia kugusa mchanga. Wakadhani ni uzee.

"Ni uzee kweli," alisema Kobe. "Umri huu ukidondosha kitu unakitafuta kutwa nzima, na jioni unasahau ulikuwa unatafuta nini."

Lakini majibu yake yalikuwa sahihi. Akisema nenda mikoche, unakwenda mikoche na unakunywa. Habari zikaenea, na banda la Fisi likapwaya. Mwishowe hata yule binamu muuza uboho alionekana kwenye foleni ya Kobe, akiwa ameinama ili asitambulike.

Sasa Sungura. Sungura ana akili nyingi, na huo ndio ugonjwa wake. Alilala kichakani akiutazama uwanja wa Kobe, masikio ameyalaza mgongoni, akafikiri kwa bidii.

"Fisi ana kila kitu na hana wateja," alijiambia. "Kobe hana kitu na ana wateja wote. Kwa hiyo kinachovuta wateja ni kutokuwa na kitu. Na mimi, kutokuwa na kitu ndiyo mali pekee niliyonayo!"

Alifurahi hata akajigonga kichwa kwenye shina. Siku kadhaa alijibanza nyuma ya miiba ya Kobe akisikiliza majibu na kuyakariri: mikoche ndiyo, korongoni ndiyo, kwenye magadi hapana. Kobe alimsikia, lakini mpaka ageuze shingo Sungura alikuwa ameshahama. Yaliyofanyika uwanjani kila asubuhi, Kobe akizunguka na pua yake chini, Sungura hakuyatazama. Yalimchosha. Alitumia muda huo kulala.

Alipojaza kichwa, akaenda kwa Simba.

Simba alikuwa na kiu kuliko wote, kwa sababu hakuwahi kumwuliza mtu yeyote chochote. Aliona kuuliza ni kujishusha. Kila asubuhi aliwafuata nyumbu kwa mbali, akitazama mawingu yasiyokuwepo, na walipofika majini alijifanya ameshangaa. "Kumbe hapa pana maji! Nilikuwa napunga upepo tu." Nyumbu walikuwa wakijua. Hakuna nyumbu aliyethubutu kucheka.

"Mfalme," alisema Sungura, akianza kumvika kilemba cha ukoka, "inaniuma sana. Nyika yote hii ni yako, halafu habari za maji zinatolewa na kizee ambaye ukimwinulia sauti anaingiza kichwa ndani."

"Mimi huko siendi," Simba alikohoa. "Mimi napunga upepo."

"Bila shaka, Mfalme. Ndiyo maana nataka nikujengee uwanja wa kifalme wa kuulizia. Mweupe. Mtupu. Mtupu kuliko wa Kobe."

Simba alikunja uso. "Mtupu kuliko mtupu?"

"Wa Kobe una nyayo, Mfalme. Kila mwenye ukwato anakanyaga tu, matope kila mahali. Wangu hautakuwa na unyayo hata mmoja."

Simba aliipenda sana hiyo picha. Alijiona amesimama katikati ya weupe ule, peke yake, hakuna kinachomshindania macho. Lakini hakuwa mjinga kabisa. "Na maji yenyewe? Utajuaje yalipo?"

"Kila alfajiri nitakwenda kuyakagua kwa macho yangu," alisema Sungura, naye akala kiapo kwa masikio yake yote mawili. "Nami sitaki malipo. Nikubalie tu niwe wa kwanza kunywa baada yako."

Siku ile ile ikatoka amri: mahali pa kuulizia maji ni kwa Sungura peke yake. Mlango wa Kobe ukazibwa kwa miiba, yeye akiwa ndani.

"Nimefungiwa?" alisema Kobe walipomletea habari. "Mimi nilizaliwa nimefungiwa. Nimeshazoea." Akaingiza kichwa. Lakini Mama Kuro, aliyekuwa amesimama karibu, alisikia ndani ya gamba sauti ya mtu anayevuta pumzi kwa shida, na alijua kwamba Bi Kobe hafanyi mzaha.

Uwanja wa Sungura ulipofunguliwa, wanyama waliupigia makofi. Ulikuwa umefagiwa kwa ufagio wa chelewa mpaka unang'aa. Katikati paliwekwa jiwe moja jeupe la mwulizaji kusimamia, na mlangoni paliwekwa kitita kikubwa cha nyasi kavu.

"Futa miguu!" Sungura alimwambia kila aliyefika. "Futa vizuri. Hapa si kwa Kobe."

Walifuta. Waliingia kwa ncha za vidole. Walisimama kwenye jiwe, wakauliza, wakajibiwa kwa maneno mawili, wakatoka wakitikisa vichwa kwa heshima. Nyumbu mmoja alisema hakulisikia jibu vizuri lakini macho yake yamepumzika, na wenzake wakakubali kwamba hayo ndiyo maendeleo. Siku za mwanzo hata majibu yalikuwa sahihi, kwa kuwa yalikuwa ya Kobe.

Aliyeupenda uwanja ule kuliko wote alikuwa Fisi. Alikuja kila siku, akauliza kwa sauti ya mgonjwa, "Jamani, maji yako wapi leo?" na hakuna aliyefuta miguu kwa makini kama yeye. Alifuta mbele, akafuta nyuma, akafuta hata kati ya vidole.

"Bwana Fisi, usafi umeuanza lini?" Mama Kuro alimwuliza.

"Tangu nilipofilisika, mama. Sina kingine cha kufanya."

Maji nayo yakahama, kama ilivyokuwa kawaida yake. Dimbwi la mikoche likakauka. Wanyama walikwenda huko kwa jibu la Sungura wakakuta tope limepasuka vipande vipande. Walirudi wakilalamika. Sungura angeweza kutoka akaenda kutazama, miguu anayo na mbio anazo. Badala yake alifagia.

"Nimeligundua tatizo," aliwaambia. "Uwanja haujawa mtupu wa kutosha." Akaliondoa lile jiwe jeupe. Majibu hayakubadilika. Akaondoa salamu. Akaondoa neno la pili katika kila jibu. Mwishowe ukimwuliza maji yako wapi, alinyoosha sikio moja upande fulani akanyamaza, na kundi zima likaondoka kufuata sikio. Nami nawacheka, halafu nakumbuka juzi nimemwondolea mteja menyu nzima, akanishukuru.

Asubuhi moja Mama Kuro alifika akimsukuma ndama wake kwa pua. Ndama alikuwa anatembea hatua chache na kusimama, miguu yake inatetemeka.

"Sungura, baba, nisaidie. Maji yako wapi leo? Mwanangu hana hata mate ya kulilia."

Sikio likaelekea mikoche.

"Mikoche nimetoka jana. Pamepasuka."

Sungura aliona aibu kidogo, naye akatumia neno zima. "Korongoni."

"Umekwenda mwenyewe?"

"Alfajiri. Maji tele."

Mama Kuro aliamini kwa sababu alihitaji kuamini. Aliwapita wanyama wengine wote, yeye na ndama wake, mpaka korongoni kwenye mawe mekundu. Hapakuwa na maji. Palikuwa na mawe, na juu ya jiwe moja alikuwepo Simba, akilamba mahali ambapo palikuwa na unyevu zamani.

Simba alishtuka akaacha kulamba. "Nilikuwa napunga upepo," alisema.

Mama Kuro hakumkimbia. Ndama alikuwa amelala chini na hainuki, na mbele ya hilo simba ni kitu kidogo. "Mfalme," alisema, "uwanja wako ni mzuri sana. Nimeusifu kama wenzangu, nimefuta miguu kama wenzangu. Sasa mwanangu anakufa."

Simba alishuka kwenye jiwe, akamshika ndama kwa ngozi ya shingo kama anavyowashika watoto wake, akaanza kutembea. Mama Kuro alimfuata, macho hayatoki kwenye yale meno. Aliogopa bure. Mdomo wa Simba ulikuwa mkavu kiasi kwamba haukuwa na mate ya kumtamani mtu.

Walipofika uwanjani kwa Sungura, nyika nzima ilikuwa imeshakusanyika mlangoni, na kwa mazoea kila mmoja alikuwa amefuta miguu. Simba alimweka ndama chini kwenye mchanga mweupe.

"Sungura. Leo umekagua wapi?"

"Korongoni, Mfalme. Alfajiri. Maji tele."

"Nimetoka huko sasa hivi."

Masikio ya Sungura yalishuka taratibu. "Basi yatakuwa yametoka kidogo," alisema.

Hakuna aliyecheka. Simba aliutazama ule uwanja alioupenda, akamtazama ndama, akageuka akaondoka peke yake. Alikwenda kwa Kobe, akaing'oa miiba ya mlangoni kwa meno, akasimama mbele ya gamba. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Bi Kobe," alisema. "Nataka... kuuliza."

Kichwa kikatoka. "Ee, uliza, Mfalme. Lakini mlango umeuziba, na aliyekuwa akinijibu alikuwa anapitia mlangoni." Alipoambiwa kuhusu ndama, aliacha utani. "Nipeleke. Nikienda kwa miguu yangu tutamkuta ameshazikwa."

Simba akambeba kwa mdomo. Siku ile alibeba ndama na kobe, akawafikisha wote wawili bila kumla hata mmoja, na nadhani hakuna simba aliyewahi kufikia rekodi hiyo. Alimweka Kobe katikati ya uwanja mweupe. Kobe aliinamisha pua, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Sioni kitu," alisema.

"Ndiyo uzuri wake," Sungura alinong'ona, kwa mazoea.

"Kelele!" Simba alinguruma. "Bi Kobe, tuambie maji yako wapi. Wewe unajua siku zote."

"Mimi?" Kobe aliwatazama mmoja mmoja. "Mimi sijawahi kujua maji yalipo. Kwa mbio zangu hizi ningeyajulia wapi? Nyinyi ndio mlikuwa mkiniambia. Kila aliyetoka kunywa alipita uwanjani kwangu na tope la alikonywa. Jeusi nikajua mikoche, jekundu nikajua korongo. Likiwa bichi, maji yapo. Likiwa linakauka, yanakwisha. Asubuhi nikiona tope jipya nisilolijua, najua tembo wamechimba mahali, nafuata nyayo kwa macho mpaka nijue zimetoka upande gani. Kazi yangu ilikuwa kusoma. Uwanja niliuacha mtupu ili nisome. Ningepanga mifupa kama Fisi, nisingeona kitu. Na huyu bwana..." Alimgeukia Sungura, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na hasira. "Huyu alikuja akaona mchanga, akadhani ni mchanga. Akawa anafagia majibu kila asubuhi."

Sungura alitazama ufagio wake, na uso wake ukawa uso wa mtu anayeelewa jambo akiwa amechelewa. Ndama alitoa sauti ndogo kwenye mchanga. Mama Kuro alipiga magoti, akaanza kumlamba kwa ulimi mkavu, na kila aliyemwona aliinamisha kichwa.

"Ngoja," alisema Kobe. "Miguu mnafutia wapi?"

Wote walikionyesha kile kitita cha nyasi mlangoni.

Kobe akaanza kukiendea. Hakuna kitu kirefu kama mwendo wa kobe ukiwa na haraka. Simba alishindwa kuvumilia, akamsukuma kwa pua mpaka mlangoni. Kobe aliingiza kichwa ndani ya nyasi.

"Vumbi," alisema kutoka ndani. "Vumbi. Vumbi la nyumbu. Vumbi la punda milia. Jamani, mmeteseka. Vumbi... Hee!"

Alitoa kichwa. Puani alikuwa na tope zito la kijivu, linalong'aa, na ndani yake uzi mwembamba wa mzizi wa matete.

"Hili silijui," alisema. "Si la mikoche wala la korongoni. Lina matete, kwa hiyo lina maji. Na ni bichi. Mtu amelifutia hapa leo hii. Kuna mwenzenu amekunywa asubuhi ya leo, akaja hapa kuuliza maji yako wapi."

Kila mnyama alitazama miguu yake. Fisi peke yake alitazama mbinguni. Kisha akacheka, kile kicheko chake kinachomtoka bila idhini yake.

"Fisi," alisema Simba, "inua mguu."

"Upi, Mfalme?"

"Wowote."

"Huu una mwiba. Huu una ganzi. Huu ndio nimeusimamia."

Simba alimwinua mzima mzima. Chini ya kucha, mahali nyasi hazikufika, palikuwa na tope la kijivu.

"Ni kidimbwi kidogo tu!" Fisi alilia. "Kiko nyuma... kiko chini ya banda langu. Nilipofilisika njaa ilinishika nikaanza kula mapambo. Nikala mapembe, nikala mikia, nikafika kwenye lile rundo nililokuwa nalikalia. Nilipomaliza kula kiti changu nikakuta ardhi ina unyevu, nikachimba. Mfalme, nimewauzia watu mifupa msimu mzima nikiwa nimekalia maji! Ningewaambia vipi? Mngecheka."

"Na sasa?" aliuliza Mama Kuro.

"Sasa hamcheki," alisema Fisi kwa sauti ya chini. "Ni afadhali mngecheka."

Banda lilikuwa si mbali. Simba alimbeba ndama tena, na safari hii nyika nzima ilikwenda mbio nyuma yake, isipokuwa Kobe, aliyesema atafika mvua zikianza. Mama Kuro alilowesha ulimi wake kwenye maji ya kijivu, akamlowesha ndama midomo. Ndama hakufanya kitu. Akamlowesha tena. Mara ya tatu ndama alipiga chafya, akatoa ulimi, akaufuata ulimi wa mama yake mpaka kwenye maji, akanywa. Mama Kuro alilia waziwazi, mbele ya fisi, simba na nyumbu, na hakuona haya.

Ilibaki hukumu. Fisi aliamriwa awe wa mwisho kunywa kwenye dimbwi lake mwenyewe, na ajihesabu mwenye bahati. Kuhusu Sungura, Simba alionyesha meno.

"Mfalme," alisema Sungura, na safari hii hakuwa na ujanja wowote machoni, "ukinila hutashiba. Niliwaambia watu utupu ndiyo siri, na mimi ndiye mtupu kuliko uwanja wenyewe. Kobe alikuwa anasoma, nami nikaenda kuiga mchanga."

"Usimle," ilisikika sauti kutoka mbali. Kobe alikuwa bado njiani, lakini masikio yake yalikuwa yameshafika. "Nipe mimi. Nina macho, sina miguu. Yeye ana miguu."

Ikawa hivyo. Mlango wa Kobe ukafunguliwa, desturi ikarudi, na Sungura akapewa kazi ile ile aliyoiapia: kila alfajiri akimbie madimbwi yote ya nyika, aingie kwenye kila tope, arudi kupita uwanjani. Hata Simba alianza kupita. Hakuuliza tena hata mara moja, alikuwa anapunga upepo tu, lakini aliupunga katikati ya uwanja, na nyayo zake zilikuwa kubwa na rahisi kusoma.

Asubuhi ya kwanza wanyama walijipanga wakimsubiri Sungura. Alitokea vichakani akihema, tope jeusi miguuni, jekundu kifuani, la kijivu mpaka masikioni. Kila mtu aliona majibu yote ya nyika yanakuja mbio kwa miguu minne. Alifika mlangoni kwa Kobe, akajitazama, akaona alivyochafuka, akasimama. Kisha kwa mazoea akainua mguu kuelekea kwenye nyasi.

"USIFUTE!" nyika nzima ilipiga kelele, na sauti ya ndama ilikuwemo.

Hadithi yangu nayo imefika mlangoni hivyo hivyo. Nilikuwa nimeshika ufagio niisafishe kidogo kabla hamjaiona, nimeuweka chini.